Surua Hairudi, Minyoo Inarudi

Mama mmoja anayeuza omena katika soko la Kibuye, hapa Kisumu, aliniuliza swali ambalo kwa miaka yangu yote ya kufundisha baiolojia hakuna mwanafunzi aliyewahi kuniuliza. Alikuwa akimpimia mteja omena kwa gorogoro. Mwanawe wa darasa la tatu alikuwa amemezeshwa dawa ya minyoo shuleni, na miezi michache baadaye mnyoo ukaonekana tena chooni. "Mwalimu," akasema, "huyu mtoto aliugua surua mara moja, ikaisha. Tetekuwanga vivyo hivyo. Mbona minyoo inarudi kama mgeni aliyesahau kofia?"

Nilimjibu harakaharaka kwamba ni mambo ya kunawa mikono. Akanitazama kwa jicho la mtu aliyepunjwa kipimo, na kweli nilikuwa nimempunja. Mikono michafu inaeleza mayai ya minyoo yanavyoingia mwilini. Haielezi kwa nini mwili uliokwisha kupambana na adui huyohuyo mara kumi haujajifunza kumfungia mlango. Alichouliza kinahusu kinga, na kadiri ninavyolitafakari swali lake ndivyo ninavyoona kwamba mpango wetu wa kupambana na minyoo magharibi mwa Kenya umepangwa kana kwamba jibu lake ni lile la surua.

Kwanza kuna suala la ukubwa. Chembe nyeupe ya damu ikikutana na bakteria humzingira na kummeza mzimamzima. Sasa mfikirie Ascaris, yule mnyoo mnene kama penseli ambaye sote tuliwahi kumwona au kumsikia akisimuliwa. Jike lake huweza kupita sentimita 30 kwa urefu na hutaga mayai yapatayo 200,000 kwa siku. Kuitaka chembe ya damu immeze huyo ni kumtuma siafu mmoja akamle kiboko wa Dunga. Mwili unalijua hilo, kwa hiyo hauhangaiki kummeza. Unajaribu kumfanya achoke kukaa.

Jinsi unavyofanya hivyo ni jambo ambalo ningependa kurudi darasani nilifundishe upya, kwa sababu nilipokuwa nikifundisha halikuwa kwenye kitabu chochote. Ndani ya utando wa utumbo kuna seli chache zenye vinywele vilivyosimama kama shungi. Wanasayansi walianza kuzieleza miaka ya 1950, na kwa zaidi ya nusu karne hakuna aliyejua zinafanya nini. Mwaka 2016 makundi matatu ya watafiti, kila moja likitumia panya, yalionyesha kwamba seli hizi za shungi ndizo walinzi wa lango. Hunusa kwamba mnyoo ameingia, kisha hutoa kemikali iitwayo IL-25. Kemikali hiyo huziamsha seli nyingine za kinga zilizolala chini ya utando, nazo hutoa IL-13, na hapo utumbo mzima hubadilika tabia. Seli zinazotengeneza ute huongezeka na ute hububujika. Misuli ya utumbo hukaza na kusukuma kwa nguvu. Hata ngozi ya ndani ya utumbo huanza kujimenya na kujivua upesi kuliko kawaida, ili anayeishikilia ateleze pamoja nayo. Kwa ufupi, mwili humwaga maji na kupiga deki.

Sambamba na hilo damu huandaa silaha nyingine. Kuna kingamwili iitwayo IgE, iliyogunduliwa mwaka 1966 na wanandoa Wajapani, Kimishige na Teruko Ishizaka, waliokuwa wakifanya kazi Denver, Marekani. Na kuna chembe nyeupe ziitwazo eosinofili, zilizopewa jina na Mjerumani Paul Ehrlich mwaka 1879 kwa kuwa zinapenda rangi ya eosini. Ukiwahi kupewa karatasi ya maabara ikasema eosinofili zako ziko juu, na daktari akauliza kama umemeza dawa ya minyoo karibuni, basi alikuwa akisoma alama za vita hivi. IgE humganda mnyoo mchanga, eosinofili humwegemea na kummwagia sumu. Wakati mwingine humuua. Hizi ndizo silaha zilezile zinazomfanya mtu mwingine apige chafya kwa sababu ya vumbi au abanwe na pumu. Nitalirudia hilo.

Mbona basi minyoo inarudi?

Kwa sababu vita hivi vina gharama, na mwili ni mhasibu mzuri. Mnyoo wa Ascaris haukai tumboni tangu siku ya kwanza. Yai likipasuka utumboni, mnyoo mchanga hutoboa ukuta, hupita kwenye ini, hufika mapafuni, hukoholewa hadi kooni, humezwa tena, na ndipo unapotulia utumboni kukomaa. Mwaka 1922 Mjapani aitwaye Shimesu Koino alimeza mayai 2,000 ya Ascaris kwa makusudi ili alithibitishe hilo. Akashikwa na homa kali ya mapafu, na kwenye makohozi yake ikaonekana minyoo michanga tele. (Mimi niliwahi kuwaambia wanafunzi waje na kinyesi chao kwenye kiberiti kwa ajili ya somo la hadubini, na wazazi wakalalamika. Koino sijui wangemfanya nini.) Sasa fikiria mtoto wa mtaa wa Nyalenda, hapa Kisumu, anayemeza mayai machache kila wiki. Kinga yake ikiamua kupigana kwa nguvu zote kila mara minyoo michanga inapopita mapafuni, kitakachoharibika kwanza ni mapafu yenyewe.

Kwa hiyo mwili hutafuta suluhu. Huzalisha seli za T za kutuliza ghasia na kemikali kama IL-10 inayopoza uvimbe. Na mnyoo, ambaye ameishi na wanyama kwa mamilioni ya miaka, huichochea suluhu hiyo kwa ustadi unaokera. Mwaka 2017 watafiti walieleza protini inayotolewa na mnyoo mmoja wa utumbo wa panya. Kwa umbo haifanani kabisa na kemikali ya mwili inayozituliza seli za kinga, lakini hufanya kazi ileile kabisa. Mnyoo amejichongea ufunguo wake mwenyewe unaofungua kufuli letu.

Kiswahili kiliwahi kuliona hili kabla ya maabara. Neno chango lina maana ya utumbo mwembamba na pia lina maana ya mnyoo wa tumboni. Mwenye nyumba na mpangaji wanaitwa jina moja. Huku kwetu pia utawakuta wazee watakaokuambia kwamba mnyoo una mahali pake tumboni, kwamba ubaya ni pale unapozidi au unapokasirika. Nilipokuwa kijana nilicheka. Sasa sicheki sana, ingawa bado nasema wazee hao wamekosea pakubwa kwa minyoo aina moja, nayo ni safura.

Hapo ndipo penye kiini cha jambo. Tunasema minyoo kana kwamba ni adui mmoja, lakini mwili wenyewe haujibu minyoo yote kwa namna moja. Ascaris na mnyoo mjeledi, yaani Trichuris, huwa wengi zaidi kwa watoto wa umri wa shule, kisha hupungua kadiri mtu anavyokua. Sehemu ya upungufu huo ni kwamba watu wazima hawachezi tena mchangani. Sehemu nyingine ni kinga iliyojengwa polepole, mnyoo baada ya mnyoo, mwaka baada ya mwaka. Safura hana mpango huo. Huingia kwa kutoboa ngozi ya mguu ulio pekupeku, hukaa utumboni akinyonya damu, na idadi yake huongezeka mtu anapokua na hubaki juu hata uzeeni. Kingamwili zipo, eosinofili zipo, karatasi ya maabara imejaa alama, ila ulinzi wenyewe haupatikani. Ni mwanafunzi anayehudhuria kila siku na hahitimu kamwe.

Angalia sasa jinsi tunavyotibu. Tangu 2012 Kenya imekuwa na mpango mkubwa wa kitaifa wa kuwapa dawa ya minyoo watoto shuleni, na kaunti zetu za magharibi zimo kwa sababu hapa ndipo minyoo ilipojaa. Mwalimu hupewa kopo, mtoto hutafuna tembe moja ya albendazoli ya miligramu 400, na kwenye maeneo ya ziwa huongezewa prazikwanteli kwa ajili ya kichocho cha tumbo, vidonge vikihesabiwa kwa kupima urefu wa mtoto. Mamilioni hutibiwa kila mwaka, na kiwango cha maambukizi miongoni mwa watoto kimeshuka sana. Siudharau mpango huo. Lakini kwa miaka mingi aliyetibiwa ni mtoto wa shule tu. Mama yake, baba yake na nyanya yake hawakuwamo. Tuliwaacha nje kana kwamba walikwisha kufanya mtihani wa minyoo wakapita.

Kwa Ascaris hesabu hiyo ina mantiki kiasi. Kwa safura haina. Katika kaunti ya Kwale, kule pwani, watafiti walilinganisha kuwatibu watoto peke yao na kuitibu jamii nzima nyumba kwa nyumba, na matokeo yaliyochapishwa 2019 yalionyesha kwamba safura ilipungua zaidi pale kila mtu alipopewa dawa. Anayejua kinga ya safura ilivyo hangehitaji kusubiri matokeo hayo, ila najua serikali hazipangi bajeti kwa kusoma kinga.

Wala hata mtoto mwenyewe hapati ulinzi kutokana na tembe. Albendazoli huua minyoo iliyopo siku hiyo, haimfundishi mtu kitu kuhusu itakayokuja kesho. Na haiui yote kwa usawa. Ascaris huondoka kwa wengi wa wanaomeza tembe moja, lakini mjeledi hubaki kwa zaidi ya nusu yao. Watafiti waliokusanya matokeo ya tafiti nyingi za nchi mbalimbali mwaka 2012 walikuta kwamba mwaka mmoja baada ya dawa, Ascaris hurudi kufikia asilimia 94 ya kiwango cha awali. Yule mama wa Kibuye hakusoma utafiti huo. Aliangalia chooni tu.

Nikitaka kuwa na matumaini, hugeuka nikalitazama ziwa. Kwa miaka mingi vijana wa Kisumu wameosha magari ufukweni kwa kuyaingiza majini kabisa, matatu imezama nusu ya magurudumu, kijana amesimama hadi magotini kwa saa nyingi. Maji hayo yana konokono, na konokono wana kichocho. Kuanzia katikati ya miaka ya 1990, watafiti wa KEMRI, taasisi ya Kenya ya utafiti wa tiba, pamoja na wenzao wa Marekani waliwafuatilia waosha magari hao. Waliwapima kinyesi, wakawapa prazikwanteli, wakahesabu magari waliyoosha ili wajue kila mmoja ameguswa na maji kiasi gani, wakawapima tena, na aliyeambukizwa upya akatibiwa upya. Matokeo yao yaliyochapishwa 2002 yaliwagawa vijana hao mafungu. Wapo walioambukizwa upya haraka vilevile kila mara. Lakini wapo ambao, kadiri walivyotibiwa na kurudi majini, ndivyo walivyochukua muda mrefu zaidi kuambukizwa tena, ilhali maji ni yaleyale na kazi ni ileile. Miili yao ilikuwa inajifunza.

Maelezo yanayoaminika ni haya. Mnyoo wa kichocho huishi miaka mingi kwenye mishipa ya damu inayozunguka utumbo, akiwa amejifunika vipande vya mwili wa mwenyeji wake hata asitambulike. Akiwa hai haonekani. Akifa anapasuka, na kinga inaona kwa mara ya kwanza kilichokuwa kimefichwa. Kwa kawaida kifo hicho hutokea mara chache, ndiyo maana kinga ya asili huchukua miaka kumi au zaidi kujengeka. Dawa inaua minyoo mingi kwa mpigo na kuharakisha somo. Tembe inageuka karibu kuwa chanjo, mradi irudiwe, irudiwe tena, na mwili wenyewe uwe na nguvu ya kujifunza. Waosha magari waliokuwa na virusi vya Ukimwi na seli zao za kinga ziitwazo CD4 zimepungua, hao walionaswa tena kwa urahisi zaidi.

Kutoka kwa vijana haohao kulipatikana jambo jingine ambalo kila nikilifikiria huona jinsi mnyoo alivyo mjanja. Mayai ya kichocho hayana miguu. Ili yatoke kwenye mshipa yapenye ukuta wa utumbo na kufika kwenye kinyesi, yanahitaji seli za kinga ziyazunguke, zichimbe, ziyasukume. Watafiti waligundua kwamba waosha magari wenye CD4 chache walitoa mayai machache, ingawa minyoo ilikuwemo mwilini. Kinga ilipodhoofika, mayai yakakosa mbebaji. Yaani mnyoo hakuridhika kuikwepa kinga yetu, ameiajiri.

Sayansi hiyo ilitoka Kisumu, kwenye miili ya vijana wenye ndoo na vitambaa, na imenukuliwa duniani kote. Wengi mjini hapa hawaijui. Ningekuwa na uwezo ningeweka kibao ufukweni.

Mtu atauliza kuhusu chanjo ya kweli. Hadi leo hakuna chanjo ya mnyoo wowote wa utumbo wa binadamu iliyoidhinishwa. Moja ya safura ilijaribiwa Brazili, ikasimamishwa kwa sababu watu waliodungwa walitoka mapele ya mzio. Walikuwa wamewahi kukutana na safura, na IgE yao ilikuwa imekaa ikisubiri. Chanjo ilipoingia, miili yao ilidhani ni uvamizi. Kinga isiyowalinda dhidi ya mnyoo iliwazuia kupata chanjo yake. Chango na chanjo, herufi moja tu kati yao, na bado mmoja anamkwaza mwingine.

Sasa lile la mzio. Tangu Mwingereza David Strachan alipoandika mwaka 1989 kwamba watoto wenye ndugu wengi wakubwa hawasumbuliwi sana na mafua ya chavua, kumekuwa na watu ng'ambo wanaodai kwamba kinga isiyokutana na maambukizi utotoni hukosa utulivu, kwamba tunaishiwa na minyoo na ndiyo maana pumu inaongezeka. Wengine walifika hadi kumeza mayai ya minyoo ya nguruwe ili watibu utumbo uliovimba. Majaribio ya mwanzo yalileta msisimko, makubwa yaliyofuata hayakuonyesha faida. Ng'ambo ya ziwa letu, huko Entebbe, jaribio lililochapishwa 2011 lilikuta kwamba wajawazito waliopewa albendazoli walizaa watoto waliopata ukurutu zaidi. Hilo ni kweli na lisifichwe. Lakini katika visiwa vya Koome, ziwani humohumo, vijiji 26 viligawanywa, vingine vikapewa dawa mara nyingi, vingine kwa kiwango cha kawaida, na mwishowe hakukuwa na tofauti ya kukoroma kwa kifua wala ya mzio wa ngozi. Msimamo wangu ni kwamba anayetamani minyoo kwa ajili ya pumu hajawahi kumwona mjamzito mwenye safura akipanda ngazi za zahanati akisimama kila hatua tatu.

Kuna pia ule mjadala wa fedha ulioanzia jirani zetu Busia. Edward Miguel na Michael Kremer walifuatilia dawa ya minyoo katika shule 75 kuanzia 1998, wakachapisha 2004 kwamba utoro ulipungua. Kremer akashiriki Tuzo ya Nobel ya uchumi 2019. Mwaka 2015 wenzao walizipitia upya takwimu hizo na kukazuka ugomvi mkubwa wa wasomi. Nimeusoma kiasi cha kutosha kuchoka nao. Ninachokishika ni kwamba katika utafiti ule hata watoto ambao hawakumeza dawa walifaidika, kwa sababu mayai yalipungua kwenye udongo. Mwili haukuwa umejifunza chochote. Udongo ndio uliokuwa safi kidogo.

Na udongo wetu ni habari ndefu. Hatua chache kutoka kwenye meza ya mama wa omena kuna anayeuza odowa, yale mawe laini ambayo wajawazito huyatafuna. Utafiti wa miaka ya 1990 huku Nyanza ulikuta asilimia 73 ya watoto wa shule waliohojiwa hula udongo, na wanaokula udongo huambukizwa Ascaris upya kwa urahisi zaidi. Dawa hutolewa bure na kampuni zinazoitengeneza, ndiyo maana inafika. Choo cha shimo chenye sakafu hakuna kampuni inayokitoa bure. Mtaa uliojengwa kwenye maji ya chini, kama Nyalenda au Manyatta, choo kikifurika wakati wa mvua, mayai ya Ascaris hutapakaa na yanaweza kukaa hai ardhini kwa miaka. Kuwaambia watu wanawe mikono hapo, kama nilivyofanya mimi, ni kumwachia mtu mmoja deni la mtaa mzima.

Nilirudi Kibuye wiki iliyofuata, nikamweleza mama yule vizuri zaidi, bila seli za shungi. Nikamwambia surua hufundisha mara moja na mwili hauisahau, lakini minyoo mingine hufundisha kidogokidogo na mingine haifundishi kabisa, na safura huwaandama wakubwa kama watoto. Alisikiliza huku akifukuza nzi kwa kipande cha katoni.

"Kwa hivyo hata mimi ninayo?"

Nikamuuliza mara ya mwisho alimeza dawa lini. Akahesabu kwa vidole. Ilikuwa darasa la sita, uwanjani, mwalimu ameshika jagi la maji na wote wanakunywa kwa kikombe kimoja. Tangu hapo amezaa watoto watatu, na kila msimu huenda Ahero kumsaidia mama mkwe kupanda mpunga, miguu mitupu kwenye tope.

"Jumamosi naenda tena," akasema, akamfungia mteja omena kwenye gazeti.

Duka la dawa lilikuwa hatua ishirini kutoka pale. Nikamwonyesha.